Saa Mbili Mashariki ya Greenwich

Mstari wa nyuzi 30 za longitudo ya mashariki hupita baina ya miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi, nao ndio mstari wa kati wa majira yanayoitangulia Greenwich kwa saa mbili. Kwa hiyo Burundi huenda kwa saa inayowafikiana na jua lake takriban bila ya hitilafu. Ama Tanzania, iliyo ng'ambo tu ya forodha ya Kobero, huhesabu saa tatu, kwa kuufuata mstari wa nyuzi 45 ambao haugusi hata shubiri moja ya ardhi yake. Na mfanyabiashara wa Muyinga akiambiwa na mwenziwe wa Ngara kwamba lori litaondoka saa mbili asubuhi, hujua kuwa kwake ni saa moja, na karani wake aandikaye Kifaransa huandika 7h.

Mkutano wa Washington wa Oktoba 1884, uliojadili mstari wa mwanzo wa longitudo, ulikata shauri kwamba longitudo ya mashariki itiwe alama ya kujumlisha na magharibi ya kutoa, na laiti watunga programu wote wangaliifuata kanuni hiyo! Lakini kanuni za POSIX, zifuatwazo na mifumo mingi ya kompyuta, ziliigeuza alama, hata saa ya Gitega, yaani majira ya Afrika ya Kati (CAT), ikaandikwa CAT-2. Nao waraka wa barua pepe, RFC 822 wa 1982, uliandika kinyume herufi moja moja ambazo wanajeshi huyataja majira kwazo, kosa lililobainishwa katika RFC 1123 mwaka 1989. ISO 8601 ya 1988, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa, ilirudisha adabu, ila nayo ikaruhusu +02, +0200 na +02:00, pamoja na Z kwa sifuri.

Aghalabu programu ya kuyasoma maandishi haya huanza na tawi moja kwa kila namna, likaongezwa la UTC+2, na jingine la GMT+02, mpaka hapana athubutuye kuigusa. Kwa rai yangu, heri kuyavua maandishi mapambo yake kabla ya kuyahesabu: Z ni sifuri, UTC na GMT za mwanzoni hufutwa, alama huwekwa kando, nukta mbili huondolewa, tarakimu zikiwa moja au mbili ni saa, zikiwa tatu au nne, mbili za mwisho ni dakika. Saa huzidishwa kwa 60, dakika zikajumlishwa, ndipo alama ikatiwa, wala si kabla. Mwenye kuitia kwenye saa peke yake, -03:30 ya Newfoundland itamtokea dakika 150 za kutoa badala ya 210. Huku kwetu kosa hilo hujificha, maadamu mashariki yote ni ya kujumlisha. Wala mtu asidhani dakika ni jambo la ugenini, kwani Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilikwenda kwa saa mbili na dakika 45.

Orodha ya majira aliyoianzisha Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo kompyuta nyingi huitegemea, haina jina la Gitega, ingawa ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019: saa yake huitwa Africa/Bujumbura, na jina hilo nalo hurejezwa kwa Africa/Maputo.