Kibanja na Kazi ya Akina Mama katika Bukoba na Muleba

Katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, mwaka haugawanywi na baridi kali na machipuko kama Ulaya, bali hugawanywa na mvua za vuli zinazoanza Septemba na zile za masika zinyeshazo kuanzia Machi hadi Mei, na ni katika masika ndipo kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hupendeza kuliko wakati wowote, migomba ikiwa imekolea kijani, mibuni ikiwa chini ya kivuli chake na maharage yakiifunika ardhi. Siku ya Akina Mama, iliyotangazwa rasmi Marekani mwaka 1914 na ambayo sasa huadhimishwa pia Tanzania Jumapili ya pili ya Mei, huangukia mwishoni mwa msimu huo. Kwa Bukoba na Muleba sadfa hiyo ina maana ya pekee, kwa kuwa bustani hiyo ni matunda ya kazi ya wanawake ambao kwa muda mrefu hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye mali.

Rutuba ya kibanja haikutokana na maumbile. Udongo wa asili wa eneo hili, unaooshwa na mvua nyingi, ni hafifu, kama inavyodhihirika katika rweya, yaani mbuga ya nyasi inayotenganisha vijiji, ambako migomba haistawi bila kurutubishwa. Vizazi vya Wahaya viliitengeneza ardhi nyeusi ya vibanja kwa samadi ya ng'ombe, takataka za jikoni, majivu na nyasi zilizotandazwa chini ya migomba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke: yeye ndiye aliyekata nyasi na kuzibeba kichwani, aliyepalilia, na aliyepanda na kuvuna maharage, wakati mwanamume alishughulika na upandaji na usafishaji wa migomba, mibuni, na utengenezaji wa rubisi, pombe ya ndizi. Tauni ya ng'ombe, yaani sotoka, ilipoangamiza mifugo katika miaka ya 1890, samadi ilipungua, na mzigo wa kuilisha ardhi kwa nyasi ukazidi kuwaelemea wanawake. Nje ya kibanja mwanamke alikuwa na omusiri, kishamba alichokilima rweyani na kukihamisha udongo unapochoka, akipanda njugu mawe na mazao mengine. Hapo, tofauti na kibanjani, mavuno yalikuwa chini ya mamlaka yake mwenyewe.

Kibanja kilikuwa mali ya ukoo, na kwa kuwa wazee walizikwa humo, kukiuza kwa mgeni kulionekana kama kuyauza makaburi yao. Kitabu cha Hans Cory na Hartnoll kuhusu sheria za kimila za Wahaya, kilichochapishwa mwaka 1945, kinaonyesha jinsi urithi ulivyofuata upande wa kiume. Kahawa ilipogeuka zao la fedha, thamani ya kila kibanja ilipanda, na pamoja nayo ugomvi wa mirathi. Hata hivyo ardhi iliyonunuliwa kwa fedha haikufungwa na masharti ya ukoo, na wanawake kadhaa wa Kihaya waliokwenda kutafuta fedha katika miji ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni walirudi wakajinunulia vibanja vyao wenyewe. Ujasiri wao unastahili heshima kubwa kuliko ile waliyopewa na wasimulizi wengi.

Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 liliiweka mila hiyo katika maandishi ya serikali huru: mwanamke angeweza kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, lakini asingeweza kuiuza maadamu ukoo una wanaume. Kanuni hiyo ilitikiswa na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, mwaka 1988, baada ya mwanamke mzee aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake kumuuzia mtu asiye wa ukoo, naye mwanaukoo wa kiume akadai mauzo yabatilishwe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akitegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaenda mbali zaidi, ikibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Sheria hiyo pia inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji, iandikwe kwa jina la mwanamke au kwa majina ya mume na mke pamoja. Familia za Bukoba na Muleba zinazotaka kumshukuru mama kwa ajili ya kibanja alichokilisha nyasi miaka yote zimwandikishe katika hati hiyo angali hai.