Moyo wa Njia Ndefu: Kutoka Chumvi ya Eyasi hadi Baiskeli za Shinyanga

Wageni wanapotuona Wasukuma tukikanyaga baiskeli za chuma zisizo na gia, jua la utosi na upepo wa Julai usoni, husema tumezaliwa hivyo. Mimi ninayefundisha wasichana wa Shinyanga mbio za baiskeli nalikataa neno hilo. Hakuna anayezaliwa na moyo wa njia ndefu. Nchi hii imekuwa ikiutengeneza moyo huo tangu zamani, kabla baiskeli ya kwanza haijafika.

Kabla ya reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, Wasukuma wengi walifuata chumvi Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Meatu, na majembe waliyafuata kwa Warongo, wahunzi wa nchi ambayo leo ni Geita. Siku hizi ukitaja Geita watu wanafikiria dhahabu. Wazee wetu waliijua kwa chuma. Jembe lilikuwa la kulimia na la kutolea mahari pia, kwa hiyo kijana mwenye nia ya kuoa alikuwa na sababu ya kutembea.

Babu yangu mzaa baba, mtu wa Kishapu, alikwenda Eyasi akiwa kijana. Alichopenda kusimulia hakikuwa simba wala kiu, ilikuwa mpangilio wa mstari. Mbele alitangulia mzee aliyeijua njia. Nyuma kabisa alikaa mzee mwingine, na kazi yake ilikuwa moja tu: asiachwe mtu. Wale wa mara ya kwanza waliwekwa katikati, na hakuna aliyewatajia umbali uliobaki. Walitajiwa jina la kisima cha jioni. Kesho yake wakatajiwa kisima kingine. Babu alisema siku alipoliona ziwa limetanda jeupe kwa chumvi alishangaa, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kutembea kwenda Eyasi. Alikuwa akitembea kwenda visimani.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba huku upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita hivi walionekana wamebeba kipembe kidogo cha ndovu begani. Yeye aliona ajabu. Mimi naona ufundi wa mwalimu. Mtoto aliyezoeshwa kipembe, akifika umri wa kubeba frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, bega lake limeshaujua mzigo, na muhimu zaidi, yeye mwenyewe anajijua.

Julai 1858 mwenzake Burton, John Speke, alitoka Tabora akielekea kaskazini. Alipita Msalala, Nindo na Salawe, majina ambayo makondakta wa mabasi yetu wanayaita mpaka leo, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria huko Mwanza. Mwaka 1875 msafiri mwingine, Henry Stanley, naye alifika Kageye, ufukweni mwa ziwa hilo, akiwa na mashua, Lady Alice, iliyoundwa kwa vipande na kubebwa na watu kutoka Bagamoyo kwa siku zaidi ya 100. Vitabu vya shule vinatutajia wenye safari. Wabebaji wa ile mashua tunawasoma kama idadi.

Na hao wabebaji hawakuwa punda. Mbele yao alikwenda kirangozi na bendera, ngoma ikilia, mmoja akianzisha wimbo na mstari mzima ukiitikia. Posho ikipunjwa walitua mizigo wakaketi, na hakuna tajiri aliyesogea mpaka mapatano yapatikane. Kuketi chini katikati ya pori, mbele ya mwenye bunduki, nako kunataka moyo.

Vita ya 1914 hadi 1918 ilipokuja, majeshi ya Kizungu, ya pande zote, yaliwakamata wanaume wa nchi hizi wakawabebee risasi na unga. Walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu. Miguu ilikuwa ile ile, na mizigo ilikuwa ile ile. Kilichoondolewa ni ujira wa kupatana, chakula cha kutosha, kirangozi wao na haki ya kukataa. Anayedhani ustahimilivu uko kwenye damu ya mtu na aitazame miaka hiyo minne.

Mashambani moyo ulijengwa kwa jembe. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewapanga kwenda kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Ndimo ilimo bugobogobo, ngoma ya jembe: ngoma inalia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Nimelima hivyo nikiwa msichana. Mtu akilima peke yake hutazama ni kiasi gani kimebaki, lakini kwenye mstari unatazama jembe la jirani.

Tuna pia mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yaliyoanzia kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi upande wake. Wachezaji hutumia dawa. Wengine huona aibu kulitaja hilo, mimi sioni. Aliyefanya mazoezi miezi mizima, akipakwa dawa anakumbushwa kwamba yuko tayari. Asiyefanya, hakuna dawa itakayomfikisha jioni.

Baiskeli iliingia kwa wingi na fedha za pamba. Miaka ya 1950, wakulima walipojiunga kwenye ushirika wa Victoria Federation chini ya Paul Bomani, msimu mzuri uliacha baiskeli uani. Zikaja Raleigh, zikaja Phoenix za China, na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam. Baiskeli ikabeba marobota, maji, mgonjwa, bibi harusi. Hapa Shinyanga mjini ikawa daladala, keria ikawekwa kiti cha sponji. Mbio zilizaliwa humo. Mashindano makubwa ya Mwanza yalipoanza kuwapa wanaume karibu kilomita 200 na wanawake mbio yao, waliojitokeza wengi walikuwa watu ambao kukanyaga ilikuwa kazi yao ya kila siku.

Msichana akija kwangu namwambia aje na baiskeli anayochotea maji, madumu yake yakiwa yamejaa. Tunakwenda kwa kundi, mwenye uzoefu mbele, mwingine nyuma kabisa. Mfukoni wana matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Siwatajii kilomita, nawaambia tunafika kwenye ule mbuyu, kisha Tinde, kisha tutaona. Wiki zikipita tunapunguza madumu. Siku ya mbio anapanda baiskeli tupu, na hofu aliyokuja nayo haimtoshi tena.

Mgodi wa Geita, tangu mwaka 2002, huandaa safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro na kuuzunguka kwa baiskeli ili kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Ni kazi njema, naiheshimu. Lakini huku nyumbani, kwenye barabara za Kahama, Msalala na Geita kwenyewe, mwanamke bado hupewa mbio fupi ya kumfurahisha mgeni rasmi, anakimbia na kitenge kiunoni, anapewa doti ya kanga, watu wanatawanyika.

Maofisa michezo wa halmashauri zetu, na nyinyi wenye migodi: wapeni wasichana hawa njia nzima, Shinyanga hadi Kahama, Kahama hadi Geita, kwa hatua za siku kadhaa, na chakula, na gari la nyuma la kuhakikisha haachwi mtu.