Tiba ya Seli na Selimundu, Taita Taveta

Tiba ya seli ni matibabu ambayo dawa yake ni seli hai, za mgonjwa mwenyewe au za mtu mwingine. Iliyo kongwe na iliyozoeleka katika hospitali za Voi na Mwatate ni kuongezewa damu.

Pwani ya Kenya, miongoni mwa wanaoihitaji ni wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kuwa wenye jeni ya ugonjwa huu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Seli zake nyekundu hupinda, huziba mishipa na kufa mapema, naye hupata maumivu makali, upungufu wa damu, hata kiharusi akiwa bado mtoto.

Ugonjwa huu unapona. Katika upandikizaji wa uboho, ambao Watanzania huuita uloto, uboho wa mgonjwa huuawa kwa dawa kali, kisha mgonjwa hutiwa seli shina, yaani seli zinazozalisha damu, za ndugu anayelingana naye. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwatibu hivyo watoto wenye selimundu mwaka 2023. Novemba mwaka huohuo Uingereza iliidhinisha Casgevy, ambayo huhariri jeni katika seli za mgonjwa mwenyewe ili zitengeneze tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Marekani ikafuata Desemba. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na hakuna familia ya mkulima wa Mwatate inayoweza kuilipa.

Kwa sasa, kinachookoa maisha ni vidonge vya haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa haidroksiurea hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vya watoto. Inafaa zaidi ugonjwa ukigunduliwa mapema, pamoja na penisilini na chanjo. Mzazi ambaye ukoo wake una selimundu ampeleke mtoto kupimwa angali mchanga, wala asiuze shamba kwa ajili ya kliniki inayodai kutibu kila ugonjwa kwa seli shina.