Barney Ford: Kutoka Utumwani Hadi Mwenye Hoteli

Ndugu msomaji, ukifika mji ambao humjui mtu na jua limeshazama, kitu cha kwanza kutafuta ni pa kula na pa kulala. Kazi hiyo ya kupokea wageni ndiyo iliyompa jina mtu tunayemzungumzia hapa. Hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu, lakini vijana wana mengi ya kujifunza kwake.

Barney Ford alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la Virginia, Marekani. Mama yake alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya huko mtoto wa mtumwa naye ni mtumwa, hata kama baba ni mzungu mwenye shamba. Mwaka 1848, akiwa anafanya kazi kwenye meli ya mtoni, alitoroka na kufika Chicago. Mwaka uliofuata akamuoa Julia.

Mwaka 1851 mtu na mkewe walifunga safari kwenda California kutafuta dhahabu, wakipitia Nicaragua. Walipofika mji wa bandari wa Greytown, Ford aliona wasafiri wanapita kila siku na pa kulala hapatoshi. Basi akafungua hoteli. Mambo yakamnyookea, lakini mwaka 1854 manowari ya Marekani ikaupiga mji mizinga na hoteli ikateketea. Akarudi Chicago, akafungua zizi la kukodisha farasi, na hapo akawa anawaficha watumwa waliotoroka kama yeye.

Mwaka 1860 alielekea Colorado, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa. Machimbo aliyoyapata karibu na Breckenridge alinyang'anywa. Akahamia Denver, mji ambao wakati huo haukuwa na watu hata 5,000. Alianza na kinyozi na mkahawa, lakini moto mkubwa wa Aprili 1863 ukala kila kitu. Hebu fikiria, mara ya pili sasa! Alikopa dola 9,000 kwa riba ya asilimia 25. Hukumu ya riba kwetu tunaijua, ila uone tu mzigo aliojitwika. Agosti mwaka huohuo alikuwa ameshajenga kwa matofali na kuanza kupokea wateja, na deni akalilipa.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1861 Colorado ilikuwa imewaruhusu wanaume wote watu wazima kupiga kura. Mwaka 1864 watu weusi wakaondolewa. Mwaka uliofuata wakubwa wa Colorado wakataka iwe jimbo kamili la Marekani, na katiba yao ikawaacha weusi nje. Kwa mfanyabiashara, jimbo ni faida: watu wataongezeka na hoteli zitajaa. Ford angeweza kunyamaza na kuhesabu pesa zake. Hakunyamaza. Yeye na wenzake, akiwemo rafikiye Henry Wagoner, walipeleka malalamiko mpaka Washington kwamba Colorado isikubaliwe bila haki hiyo. Mwezi wa Januari 1867 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwa mtu asinyimwe kura katika maeneo hayo kwa sababu ya rangi yake. Colorado ilikuja kuwa jimbo mwaka 1876. Ford na Wagoner pia walianzisha darasa la kuwafundisha watu wazima weusi kusoma na kuandika.

Biashara nayo ilipanda. Alijenga hoteli ya Inter-Ocean mjini Denver, kisha mwaka 1875 nyingine ya jina hilo huko Cheyenne. Baadaye alipata hasara, hoteli zikamtoka. Je, alikaa akilia? La. Mwaka 1880, akikaribia miaka 60, alirudi Breckenridge na kufungua mkahawa, na mwaka 1882 akajenga nyumba ambayo leo ni makumbusho. Alifariki mwaka 1902.

Kilima alikonyang'anywa machimbo kiliitwa kwa tusi la watu weusi mpaka mwaka 1964. Leo kinaitwa kwa jina lake.

Vijana wenzangu, kuanguka na kuinuka ni jambo kubwa, lakini wengi huweza. Lililo gumu zaidi ni mtu akishapata chake asiwasahau walioachwa nje ya mlango. Ford alijua mlango uliofungwa ulivyo, na wake akauacha wazi.