Bepari, Tajiri na Mchuuzi: Uteuzi wa Msamiati katika Tafsiri za Julius K. Nyerere, 1963–1969

Historia ya tafsiri ya fasihi katika Kiswahili haikamiliki bila kumtaja Julius Kambarage Nyerere. Mzaliwa huyu wa Butiama, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alichapisha tafsiri za tamthilia mbili za William Shakespeare akiwa Rais. Tafsiri ya Julius Caesar ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963. Mwaka 1969 ilitoka upya ikiwa imesahihishwa, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari. Mfasiri alilitaka jina litamkike kwa silabi wazi za Kiswahili, lakini hakufuata umbo la Kaisari ambalo wasomaji wa Biblia walikwisha kulizoea.

Uteuzi uliozua mjadala zaidi ni wa mwaka huohuo: Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliandika wingi, tena akateua neno bepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la 1967 kuukataa ubepari. Wapo wahakiki waliolisoma jina hilo kama siasa iliyopenyezwa katika kazi ya Shakespeare. Hoja hiyo ina uzito, ila inapuuza historia ya neno lenyewe.

Bepari liliingia katika Kiswahili kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara. Maana ya mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine ilikuja baadaye. Maneno mengine yalikuwapo. Tajiri, lenye asili ya Kiarabu, nalo lilimaanisha mfanyabiashara, lakini lilikwisha kuelemea upande wa mtu mwenye mali nyingi. Mchuuzi lingemshusha Antonio, mwenye merikebu baharini, hadi hadhi ya muuza bidhaa ndogondogo. Mfanyabiashara lingefaa kimaana, ila lisingebeba hukumu yoyote. Bepari lilibeba yote mawili: maana kongwe iliyo aminifu kwa matini chanzi, na maana mpya iliyokuwa midomoni mwa wananchi.

Wingi nao una kazi yake. Unamweka Antonio, anayehesabiwa mwema, katika kundi moja na Shylock, mla riba. Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, msomaji anadokezewa swali: je, wawili hawa wanatofautiana kwa maadili, au kwa njia ya kutafuta faida tu?

Hata hivyo, uteuzi huo ulikuwa na gharama. Kadiri maana kongwe ilivyofifia, ndivyo msomaji wa leo anavyosikia lawama peke yake, na neno lililoteuliwa kwa sababu ya maana zake mbili likabaki na moja. Kwa mantiki hiyo, mtafiti anayelihukumu jina hilo kuwa upotoshaji hana budi kwanza kulisikiliza kwa masikio ya mwaka 1969.