Uraia wetu ulipitia kwa bibi

Leo vitambaa naviweka pembeni, maana bibi harusi wawili waliokuja dukani kupimwa magauni wameniamshia jambo la zamani.

Mimi ni mjukuu wa Mshihiri. Babu alikuja na jahazi la kaskazi kutoka Hadhramaut, akafungua kiduka hapa Kariakoo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Nilipofuatilia karatasi zangu, dirishani nikaulizwa: babu yako kazaliwa wapi? Nilirudi nyumbani nalia. Kumbe wa kuulizwa alikuwa bibi.

Siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia papo hapo iwapo mzazi wake mmoja naye kazaliwa hapa. Mmoja tu, baba au mama. Ambaye wazazi wote wawili walizaliwa nje, ilibidi aombe kuandikishwa. Baba yangu alizaliwa kabla ya uhuru, na mama yake ni Mzaramo wa hapa hapa. Basi uraia wetu wote ukapitia kwa bibi, mwanamke aliyezalishwa na mkunga wa mtaani, hana hata cheti! Tulihangaika na viapo vya wazee mpaka tukachoka.

Sasa hao maharusi. Wa kwanza anatoka Komoro, anaolewa na kijana wa Ilala. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, ila ataacha ule wa kwao. Wa pili ni binti wa Kariakoo, mchumba wake ndiye Mkomoro. Huyo mume ndoa haimpi njia hiyo. Atafuata njia ya kawaida, ambayo ni pamoja na kuishi nchini jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10, na mwaka mzima wa mwisho mfululizo. Nikah ni ile ile, mahari ni yale yale.

Kuhojiwa sikupingi, kila nyumba hupigwa hodi. Lakini ikiwa bibi alitosha kumfanya mwanawe raia, kwa nini mjukuu wake asimfungulie mumewe mlango?

Yule wa pili nimemwambia waende Uhamiaji wakaulizie kibali cha ukaazi kabla ya kuchapa kadi. Alinuna kidogo. Gauni kaniachia.