Gesi ya kupikia imo ndani ya taka zetu

Kila siku malori hubeba taka za Mombasa hadi jaa la Mwakirunge. Maganda ya ndizi, mboga zilizooza na mabaki ya pilau hutupwa pamoja na plastiki. Yakifunikwa yakakosa hewa, huoza na kutoa methani, gesi inayochangia pakubwa kuongeza joto la dunia. Gesi hiyo hiyo ikinaswa, huwaka jikoni bila moshi, na mtu akapumua na bei ya makaa.

Kuinasa kwahitaji tangi lisilopitisha hewa, lenye mdomo wa kutilia taka, mdomo wa kutolea uji na mpira wa gesi. Mwanzo hutiwa mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji kiasi sawa, kwani bakteria wanaohitajika wamo humo. Wengine huvunja chakula kikawa asidi, wengine huigeuza asidi ikawa methani. Hawa wa mwisho hupenda joto la nyuzi 35 hivi, kwa hivyo sisi wa pwani tuna nafuu kuliko wa bara kwenye baridi.

Gesi ya kwanza haishiki moto, kwa kuwa nyingi ni hewa ya ukaa. Iachiliwe nje. Baada ya wiki kadhaa huanza kuwaka.

Kilo 25 za mavi hutoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi, inayotosha kupika saa mbili hivi kwa jiko moja. Mabaki ya chakula hutoa zaidi kwa kila kilo, lakini yatiwe kidogo kidogo. Ukiyajaza kwa pupa, asidi huzidi na bakteria hufa. Ndimu, mafuta na matumbo mengi ya samaki pia huwadhuru. Vifuu na makumbi havifai, haviozi upesi.

Uji unaotoka ni mbolea ya shamba. Gesi ikishukiwa kuvuja, tumia povu la sabuni, kamwe si kiberiti.

Ndugu msomaji, taka za nyumba moja isiyo na ng'ombe ni chache kwa mapishi yote ya siku. Wanaostahili kuanza ni wafugaji, machinjio, hoteli na shule za bweni. Nao waanze na ndoo mbili, moja ya mabaki na moja ya plastiki, na mtu maalumu wa kulisha tangi kila siku. Tangi lisilolishwa ni pipa tu.